Kupima maji ya Sabaki kwa wadudu wake: mwongozo wa mtu mwenye chujio, sahani na daftari

Kila mvua ikipiga bara na Sabaki ikaja nyekundu kama chai ya maziwa iliyopitiliza majani, swali ni lilelile, ati maji saa hii yako sawa? Na kila mtu anajibu kwa macho. Mmoja anasema ni machafu kwa sababu ni mekundu, mwingine anasema huo ni udongo tu tumekunywa tangu utoto. Mi nimeona bora niandike hii njia ya wadudu, manake haina gharama, mtoto wa darasa la sita anaiweza, na inakupa jibu ambalo macho hayawezi kukupa.

Wazo lenyewe ni rahisi. Mto wetu haujaanzia kwetu, huko juu ni Athi, umepita pande za Nairobi ukabeba vya Nairobi, ukaungana na Tsavo ukaitwa Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki, halafu unaingia baharini hapo kati ya Malindi mjini na Mambrui. Maji unayoyaona asubuhi, kesho yako baharini. Ukichota chupa ukapeleka maabara utapata habari ya ile chupa, basi. Lakini yule mdudu anayeishi kwenye mizizi ya matete pale ukingoni amekaa hapo wiki kadhaa, hana pa kukimbilia, kila kilichopita kimempitia yeye mwilini. Kama juzi usiku kuna kitu kilimwagwa, maji yameshasafisha ushahidi lakini mdudu hayupo, na kutokuwepo kwake ndio ushahidi.

Jambo moja kabla hatujaingia mtoni, na hili nalisema mapema kwa sababu nimeona watu wanalichanganya. Wadudu hawakwambii kama maji yanafaa kunywa. Vijidudu vya kuhara na homa ya tumbo havimsumbui mdudu wa mtoni hata kidogo, unaweza ukapata wadudu wazuri kabisa na maji yakakulaza wodini. Ya kunywa yachemshwe, hakuna mjadala.

Kwanza uliza, usikimbilie mtoni

Hii ndio hatua watu wanairuka, na kwangu mimi ndio nusu ya kazi. Usianze na neti, anza na watu waliouzoea huo mto, wavuvi wa kambare, kina mama wanaofua na kuchota, vijana wa pampu za shamba, wazee waliolima ukingoni tangu zamani. Piga hodi, shikamoo, kaa chini, kunywa chai kama imeletwa, usitoe simu mara moja kama polisi.

Namna ya kuuliza ndio muhimu. Ukimuuliza mtu "je maji haya ni machafu?" atakujibu anachodhani unataka kusikia. Muulize vitu. Zamani hapa mlikuwa mkitoa nini ambacho saa hii hakipo? Kamba wa maji baridi walikuwa wanaonekana wapi, na mara ya mwisho ni lini? Ruba je, wanang'ata zaidi au wamepungua? Kambare wakija juu kuhema huwa ni wakati gani? Mtu hakumbuki mwaka lakini anakumbuka tukio, kwa hivyo shikilia matukio, kabla ya ile mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 au baada, kabla mashamba ya pampu hayajaanza au baada.

Bibi mmoja pande za Jilore, mtu wa makamo ya kuitwa hawe, yaani nyanya, na kila mtu pale, aliniambia yeye maji anayajua kwa sabuni. Povu likikataa, anasema maji yamebadilika, na siku hizo hachoti. Nilicheka moyoni nikaandika tu kwa heshima. Baadae nikakaa nikafikiria, kumbe yuko sawa kabisa, maji yenye chumvi au madini mengi huzuia sabuni kutoa povu, yaani hawe ana kipimo cha chumvi miaka yote na hajakinunua. Ukipata kitu kama hicho kiandike na jina la aliyekwambia kama ameridhia, usije ukakigeuza kikawa ujuzi wako.

Uliza pia majina. Wadudu wengi wa mtoni hawana jina la Kiswahili linalojulikana kila mahali, lakini watoto wanaocheza majini wana majina yao na Wagiriama wana yao. Andika jina la pale pale karibu na picha. Mwaka ujao ukirudi utaelewana nao haraka kuliko ukileta majina ya vitabuni.

Kuchagua mahali na siku

Chagua sehemu mbili au tatu, sio moja. Sehemu moja peke yake haikwambii chochote. Unataka ya juu na ya chini ya kitu unachokishuku, tuseme juu ya shamba la pampu na chini yake, juu ya pale lori zinapochota mchanga na chini yake. Ziwe zinafanana kadri iwezekanavyo, zote zina matete au zote zina mawe, usilinganishe kivuli cha mkuyu na jua la wazi.

Msiende karibu na mdomo wa mto. Pale bahari inaingia, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa sana, na wadudu wa maji baridi hawakai kwenye chumvi, utapata sifuri ukatangaza uchafu kumbe ni bahari tu imekuja kusalimia. Kama hujui chumvi inafika wapi, waulize wavuvi, na kama lazima uende sehemu za chini basi nenda siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo. Mi napendelea juu zaidi, pande za Jilore kwenda Lango Baya. Na mabwawa na maziwa kama lile la Jilore yana hesabu yake nyingine, hii njia ni ya maji yanayotembea.

Mvua nayo. Mto ukishafura unafagia wadudu wote, hata wale wazima. Subiri wiki mbili au zaidi mpaka maji yatulie. Kwa huku kwetu nyakati nzuri ni mwisho wa kusi, Agosti na Septemba, na tena kwenye joto la kaskazi, Februari hivi, kabla masika haijaanza. Masika yenyewe pumzika.

Na mamba. Sifanyi mzaha. Sabaki ina mamba na ina viboko, na mdudu wa beseni hana thamani ya mguu wako. Nenda mchana, nenda na mwenyeji anayejua wanakaa wapi, usiingie maji yanayopita goti, usichuchumae ukingoni ukiwa umeinamia maji yenye giza, na kama mwenyeji anasema hapa leo hapana, ni hapana, hata kama umetoka Malindi na boda ya pesa nyingi. Vijito vidogo na mifereji inayoingia Sabaki mara nyingi ni salama zaidi na inafundisha vilevile.

Vifaa, na aibu yangu ya neti

Unahitaji chujio la jikoni la matundu madogo, la chai kubwa au la unga, ulifunge kwenye mpini wa fagio. Sahani au beseni jeupe, yale makopo meupe ya aiskrimu ni mazuri sana. Kijiko cha plastiki, brashi ndogo ya rangi ya watoto, gamubuti, glavu, daftari na penseli manake kalamu ikilowa imekufa. Simu kwa picha. Ukiweka tone dogo la maji safi juu ya kioo cha kamera, linakuwa lenzi, mdudu anatokea mkubwa mpaka unaona nywele za miguu, lakini ugeuze simu pole pole lisimwagike.

Kipimo cha matope unajitengenezea, mfuniko wa mkebe upake robo nyeusi robo nyeupe, utoboe katikati, funga jiwe chini na kamba juu, kamba iwe na fundo kila sentimita 10. Unashusha mpaka usiuone, unahesabu mafundo. Siku mto umekuja, hata fundo la kwanza halifiki majini.

Sasa neti. Mara ya kwanza kabisa nilijiona mjanja, nikachukua neti ya mbu iliyochakaa nyumbani nikaishonea kwenye waya wa hanga, ikawa neti nzuri kweli, pana, nyepesi. Nikashika wadudu nikawamwaga kwenye beseni, dakika chache wakaanza kutetemeka, wanalala ubavu, wengine hawaamki tena. Nikasema hapa tayari, kuna sumu kwenye mto, shamba la juu wamepuliza dawa. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, watu wakawaka, karibu waende kule shambani. Mzee mmoja mvuvi akaja akatazama beseni, akatazama neti, akaishika akainusa. "Mjukuu wangu," akaniambia, "hii si ile neti ya kliniki yenye dawa?" Ndio hiyo mzee. "Basi mbu inamuua, hawa unataka iwafanye nini?"

Nilirudi kwenye grupu nikaomba radhi, na mwenye shamba mpaka leo ananiita daktari wa neti. Kwa hivyo usitumie neti ya mbu iliyotiwa dawa, hata kama ni kuukuu, hata kama imefuliwa. Na hili linawahusu pia wanaovua dagaa kwa hizo neti, zile dawa zinadhuru kamba na wadudu wa majini vibaya sana.

Kushika

Simama ukitazama maji yanakokwenda, chujio liwe chini ya mkondo kutoka mguu wako, halafu vuruga. Kama kuna mawe, inua jiwe, lisugue kwa mkono mbele ya chujio, mdudu anabebwa na maji anaingia. Kama ni matete na nyasi zinazoning'inia majini, pitisha chujio ndani yake kwa nguvu kama unapiga mswaki, huku na huku. Kama kuna gogo lililooza au majani yaliyorundikana, hapo ndio mjini, usiache. Mchanga mtupu unaohamahama, ambao ndio mwingi Sabaki, hauna wakazi wengi, vuruga kidogo uendelee.

Weka saa dakika tano za kuvuruga, kila sehemu ileile dakika tano, na watu walewale kama inawezekana. Hii ya muda watu wanaidharau alafu ndio inayoharibu kila kitu. Ukikaa dakika tano juu na dakika ishirini chini kwa sababu chini kuna kivuli kizuri na stori zimenoga, umeshapima kivuli, hujapima mto.

Mwaga kwenye beseni lenye maji kidogo ya mto huohuo, sio ya bomba. Halafu nyamaza, tulia dakika mbili. Mwanzoni utaona takataka tu, majani na mchanga, mtu mgeni anasema hakuna kitu hapa tuhame. Subiri. Kijiti kinaanza kutembea. Jani linapiga mbio. Hapo ndio wageni wote huwa wanapiga kelele.

Nani ni nani kwenye beseni

Anza na wale wenye mikia mitatu. Ni watoto wa mdudu ambaye mkubwa wake anaishi siku moja au mbili tu hewani, wengine saa chache, maisha yake yote ya maana ni haya ya majini. Mikia kama nyuzi, mitatu, wengine miwili, na ubavuni mwa tumbo ana vitu kama vijani vidogo vinavyopepea, hivyo ndio mashavu yake ya kuhemea. Wapo wembamba wanaoogelea kama visamaki, kuruka kituo kuruka kituo, hao wanavumilia kiasi. Na wapo wengine, bapa wanaonata kwenye jiwe au wa kutambaa, hao ni wadekaji, maji yakiharibika wanatangulia kuondoka.

Usimchanganye na mtoto wa kereng'ende mwembamba, ambaye naye ana mikia mitatu lakini ya kwake ni mipana kama majani ya mchicha, na mashavu yake ndio hiyo mikia yenyewe, tumboni ubavuni hamna kitu. Kereng'ende mnene mtoto wake hana mikia hiyo, ni kama buibui aliyenona, anakaa kimya, halafu akitishwa anarusha maji kwa nyuma anasukumika mbele kama boti. Tazama mdomo wake wa chini, umekunjwa kama mkono, anaurusha ghafla kukamata windo. Niliwahi kumuona akimkamata kiluwiluwi cha mbu ndani ya kijiko changu, sikuona mkono ukienda, niliona tu kiluwiluwi hakipo na yeye anatafuna.

Kereng'ende wazima wanaoruka hewani usiwahesabu, hata wawe elfu. Hao kundi kubwa wanaotokea pwani kuelekea vuli na kaskazi, wapo ambao watafiti wanasema wanavuka Bahari ya Hindi kutoka pande za India, na wanataga kwenye vidimbwi vya mvua. Kupita kwao juu ya Sabaki hakusemi lolote kuhusu Sabaki.

Mwenye kijumba ni kipenzi changu. Kile kijiti kilichotembea ndio yeye, amejijengea mfuko wa mchanga au vipande vya majani vilivyoshonwa kwa uzi wake mwenyewe, kichwa na miguu sita inatoka mbele. Wapo wa jamii hiyohiyo wasio na nyumba, laini kama kiwavi, na kulabu mbili nyuma. Wote ni habari njema.

Halafu kaa na kamba wa maji baridi, hao mnawajua. Mende wa majini na kunguni wa majini, pamoja na wale weusi wanaozunguka zunguka juu ya maji kama wamerukwa na akili. Konokono. Ruba. Minyoo. Mnyoo bapa, mdogo, anateleza kwenye sahani kama tone la mafuta. Na jamii ya nzi na mbu, watoto wao hawana miguu ya viungo, ndani yao wamo viluwiluwi vya mbu na vile viwavi vyekundu vya kwenye tope. Wekundu wao ni damu yenye kushika oksijeni kama yetu, ndio maana wanaishi kwenye tope lenye kunuka ambalo mwingine angekufa. Ukiwaona wengi, na wengine wote hawapo, hapo kuna choo au kuna mabaki ya kitu yanaozea.

Na kuna mmoja ambaye kwenye hesabu tutakayofika ana pointi nyingi kuliko wote, mikia miwili tu, mwili wa kutambaa, anapenda maji baridi yanayokimbia juu ya mawe. Huku kwetu joto na mchanga, msimtafute mpaka usiku.

Hesabu

Afrika Kusini wana njia inaitwa miniSASS, imetengenezwa kwa watu wa kawaida na watoto wa shule, na ndio ninayotumia. Usihesabu wadudu wangapi, hesabu aina ngapi. Kila kundi lina pointi: mnyoo bapa 3, minyoo 2, ruba 2, kaa au kamba 6, yule wa mikia miwili wa maji baridi 17, mikia mitatu wembamba waogeleaji 5, mikia mitatu wengine 11, kereng'ende wembamba 4, kereng'ende wanene 6, mende na kunguni wa majini 5, wenye vijumba na jamaa zao 9, jamii ya nzi na mbu 2, konokono 4. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Ukipata mmoja au mia wa kundi moja, pointi ni zilezile.

Mfano. Tuseme umepata waogeleaji wa mikia mitatu, kereng'ende wanene, kereng'ende wembamba, mende, kamba, konokono na viwavi vya nzi. 5 na 6 na 4 na 5 na 6 na 4 na 2, jumla 32, gawanya kwa 7, ni 4.6 hivi. Kwa kipimo chao cha mito ya mchanga, chini ya 4.8 ni hali mbaya kabisa, juu ya 6.9 ni mto ambao haujaguswa. Sasa usikimbilie kulia. Kile kipimo kilipangwa kwa mito ya kwao, sio kwa mto wa pwani wenye joto, mchanga na maji mazito, ambao hata ungekuwa salama salmini usingekuwa na wale wa pointi 17. Watanzania walitengeneza yao kwa mito yao, inaitwa TARISS, lakini ile inataka mtu aliyesomea. Kwa hivyo namba yako ilinganishe na namba yako. Jilore ya Februari na Jilore ya Septemba. Juu ya shamba na chini ya shamba. Ikiwa 5.1 juu na 3.4 chini, siku moja, matete yaleyale, dakika tano zilezile, hapo una neno la kusema.

Angalia pia hila ya hesabu yenyewe, ukipata mnyoo hata mmoja wastani unashuka, maana pointi zake ni chache. Nimeona kijana anamrudisha mnyoo majini kimyakimya ili mto wao upendeze. Andika wote.

Kusoma nani hayupo

Namba peke yake ni nusu ya maneno, ya kunoga ni kujua nani ameondoka na nani amebaki.

Wakiondoka wenye mashavu, mikia mitatu na wenye vijumba, na wakazidi viwavi vyekundu, ruba na minyoo, shuku uchafu wa vyoo, samadi au majani yanayooza, oksijeni imeliwa. Hapo usidanganywe na mende na viluwiluwi vya mbu, hao wanapanda juu kuhema hewa yetu hii, oksijeni ya majini haiwahusu sana.

Wakiondoka wadudu karibu wote, na kaa na kamba nao, lakini konokono na minyoo wapo wanatambaa kama kawaida, shuku dawa ya kunyunyizia mazao. Nyingi ya zile dawa za wadudu tunazotumia kwenye nyanya na matikiti zinaua wadudu na kamba kwa kiasi kidogo sana lakini konokono haziwashtui. Waulize vijana wa pampu walipuliza lini na walioshea pampu wapi, uliza kwa upole, sio kama mimi na neti yangu. Mara nyingi shida sio shamba zima, ni ile kuoshea tangi mtoni, na hilo linarekebishika kwa maneno tu.

Wakipungua wote kidogo kidogo, mawe yamezikwa, mashimo ya mizizi yamejaa, ni tope na mchanga. Hiyo ndio hali kubwa ya Sabaki, udongo wa bara unaokuja mpaka unapaka rangi ghuba ya Malindi. Na hapo ndipo wale wawili wa mwanzo, wa "ni machafu" na wa "ni udongo tu", wote walikuwa na haki kidogo, wekundu sio sumu, lakini ukizidi unaziba mashavu ya wadudu na kufunika nyumba zao.

Konokono na kichocho

Hii fupi lakini isirukwe. Kwenye maji yaliyotulia yenye magugu kuna konokono wadogo wanaobeba kichocho. Wale wa kichocho cha mkojo, ambacho ndicho kimeenea pwani, ukishika gamba ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama, mlango uko mkono wa kushoto. Sio kila mwenye mlango wa kushoto ana vimelea, na kwa macho huwezi kujua, kwa hivyo chukulia anao. Vimelea vinatoka kwenye konokono mchana jua likiwa kali na kupenya ngozi nzima, havihitaji kidonda. Gamubuti na glavu kila mara, ukilowa jifute haraka kwa taulo kavu, watoto wasiachwe kuogelea hapo wakati nyie mnapima. Mtu akikojoa damu aende kliniki, dawa ipo na inatibu.

Daftari na baada ya hapo

Kila ukurasa uwe na tarehe, saa, mahali palipoandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine atapafikia, maji mafu au bamvua, mvua ya mwisho lini, mafundo mangapi ya kamba, harufu, aina zote, wastani, na nani alikuwepo. Piga picha ya beseni nzima na ya kila aina. Usiandike "maji machafu", andika ulichokiona.

Wadudu warudishe palepale ulipowatoa, na pole pole, sio kuwatupa kama maji ya vyombo. Chujio, beseni na gamubuti vioshwe hapohapo kwa maji ya mto huo na vianikwe juani vikauke kabisa kabla hujaenda mto mwingine, usije ukasafirisha mayai ya konokono kwa boda.

Ukiona wastani umeporomoka ghafla, usianze na WhatsApp. Rudia kesho yake, ukipata ileile peleka kwa chama cha watumiaji maji wa eneo lenu, ile WRUA, na daftari mkononi, na picha, na ya juu na ya chini. Mtu mwenye kurasa sita za mwaka mzima anasikilizwa tofauti na mwenye video moja ya maji mekundu.

Na rudi kwa wale uliowauliza mwanzo. Mimi nilimpelekea hawe matokeo ya Septemba, nikamsomea aina moja moja na majina aliyonipa mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kamba nimehesabu wangapi, nikamwambia njia hii haihesabu wangapi, inahesabu wapo au hawapo. Akaniambia basi andika pembeni, walikuwa wanne, na mwaka wa juzi kikapu. Nimeanza kuandika pembeni.